Macho ya Mfiwa

Samaki wote walikuwa hai. Hilo lilimkera Inspekta Ndeti tangu alipoingia katika sebule ile ya Lavington, asubuhi ya Alhamisi, tarehe tisa Novemba 2006. Waithera, mwenye nyumba, alikuwa amekufa kwa umeme jana yake, mkono wake ukiwa ndani ya tangi lile la vioo. Samaki wake kumi na wanane wa dhahabu walikuwa bado wanazunguka humo, midomo ikifunguka na kufungika, wakingoja kulishwa.

Kila kitu kilikuwa kimechomolewa ukutani. Maji yalikuwa meupe, safi, kiasi kwamba Ndeti aliweza kusoma kupitia tangi zima maandishi ya kalenda iliyotundikwa upande wa pili.

"Nani amewalisha?" aliuliza.

"Nani awalishe?" alijibu Kanini, msichana wa kazi. "Mimi sigusi hiyo kitu tena."

Alisimama mbali na tangi, karibu na mlango wa jikoni, mikono ameificha ndani ya aproni. Konstebo Rael alifungua daftari.

"Tuambie ya jana," alisema Ndeti. "Polepole."

"Saa kumi na mbili na nusu, kabla aende kazi. Kila asubuhi yeye husugua kioo na kale kabrashi, kwa sababu kioo inashika kijani."

"Kila asubuhi?"

"Hata Jumapili kabla ya kanisa. Mkono wa kulia ndani, wa kushoto ameshika hii chuma." Alionyesha kwa kidevu fremu ya chuma iliyobeba tangi. "Hakuvaa viatu. Nikasikia sauti, nikadhani anacheka. Nikakuja. Nikamshika bega, ikanirusha mpaka pale kwa kochi. Nikakimbia nje kuita Maina, soja wa usiku, azime stima kwa boksi. Maina alikuwa choo. Nikagonga, nikagonga." Alijifuta uso kwa aproni. "Tulipozima, bado alikuwa ameshikilia. Macho iko wazi. Alikuwa ananiangalia wakati wote, afande. Hakuweza kusema kitu, lakini alikuwa ananiangalia."

Rael aliandika hayo yote bila kuinua kichwa.

Kesi yenyewe, kwa hesabu za kituoni, ilikuwa imekwisha. Nyuma ya tangi kulikuwa na kisafisha maji cha UV, mcheduara mweusi wa plastiki wenye taa ndani, na gilasi iliyoifunika taa hiyo ilikuwa imevunjika. Maji yaliingia kwenye umeme. Mtu wa mwisho kukihudumia kifaa hicho alikuwa Masila, fundi wa matangi ya samaki, siku ya Jumamosi. Masila alikamatwa jana mchana na kufikia jioni alikuwa amekiri kwamba aliivunja gilasi akaogopa kusema. Sajini Mbithi alimsaidia kukiri kwa kipande cha mpira wa maji. Ndeti alikuwa amezisikia kelele kutoka kwenye korido, akainuka, akafunga mlango wa ofisi yake na kuendelea kuandika.

Alikuwa amekuja Lavington kuchukua kifaa tu, kiwe kielelezo mahakamani.

"Jumanne nani alikuwa hapa?" alimuuliza Kanini, kwa mazoea tu.

"Mchana hakuna mtu. Jumanne mimi huenda soko Kangemi, saa nne mpaka saa kumi. Mama yuko kazi. Maina huingia jioni."

"Na mzee?"

"Mzee alikuwa site yake Kinoo. Hata hakulala hapa. Jana jirani alimpigia simu, akamwambia tu mama ni mgonjwa, asije akapata ajali njiani. Alifika kama saa mbili." Kanini alishusha sauti. "Alishuka kwa gari akilia. Maji inatiririka mpaka kwa shati. Sijawahi ona mwanaume akilia hivyo."

Gerishon Njuguna alikuwa katika chumba cha kulala, pazia zimefungwa, miwani myeusi usoni. Pembeni yake aliketi Wangeci, mama yake Waithera, mwanamke wa miaka sitini na kitu, na bakuli la maji baridi mapajani. Alikuwa analowesha kitambaa na kumpangusa mkwewe mashavu. Waombolezaji waliojaa kwenye veranda walikuwa wamekwisha kuafikiana: hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyewahi kupendwa namna hiyo.

"Pole, mzee," alisema Ndeti.

"Huyo fundi, Inspekta." Sauti ilikuwa imekauka. "Nilimwambia Waithera asilete watu wa barabarani. Mtamfunga miaka ngapi?"

"Hiyo ni ya hakimu. Wewe uliwahi kukigusa kile kifaa?"

"Mimi? Sijui hata inafunguliwa aje. Hao samaki walikuwa wake. Jumanne nilikuwa Kinoo kutwa nzima, nasimamia mafundi wakichomelea grili za madirisha. Nikalala huko huko."

Machozi yalimtoka chini ya miwani. Wangeci aliyapangusa.

"Muacheni kwanza," alisema mama huyo. "Hajalala. Leo jioni nampeleka kwa daktari wa macho, Upper Hill. Amelia mpaka macho yamevimba."

Ndeti alikibeba kifaa kwenye mfuko wa karatasi akaondoka.

*

Kaindi aliuza samaki wa mapambo chini ya ghorofa moja katikati ya jiji, nyuma ya barabara ya Tom Mboya, katika chumba kisicho na dirisha ambacho mwanga wake wote ulitoka kwenye matangi. Ndeti alimtaka atie sahihi mahali pamoja tu, kwamba gilasi ilivunjika na kwamba gilasi ikivunjika mtu hufa. Kaindi alivaa miwani, akakigeuza kifaa mikononi, asitie sahihi.

"Masila nilimfunza mimi," alisema. "Yuko aje?"

"Yuko ndani."

"Sijauliza yuko wapi."

Kaindi alimwangalia kwa muda, kisha akafungua kifuniko.

"Maji inasukumwa na pampu, inaingia hapa, inapita kando ya taa, inatokea huku. Hii gilasi ya kwatzi ndiyo inazuia maji isiguse taa. Ile kijani inaelea ndani ya maji ikipita kwa mwanga, inakufa. Wiki moja tu maji yako ni kama ya chupa. Lakini ile imeshika kwa kioo haipiti hapa, kwa hivyo hiyo lazima usugue na mkono."

"Alisugua kila asubuhi," alisema Rael.

"Kila asubuhi? Na mnasema Masila alivunja Jumamosi?" Kaindi aliweka kifaa mezani. "Basi angekufa Jumapili, dada. Amekufa lini?"

"Jumatano."

"Jumapili alisugua, Jumatatu alisugua, Jumanne alisugua. Hii imevunjwa baada ya Jumanne asubuhi."

Ndeti alivuta kiti akaketi.

"Samaki mbona hawakufa?" aliuliza.

"Samaki hasimami kwa sakafu. Stima inatafuta njia ya kwenda chini. Mama ndiye alikuwa njia." Kaindi alikuwa ameinamia waya kwa tochi. "Hii ya arthi, ya kupeleka stima chini, imekatwa. Haijakatika, imekatwa. Na kisu." Kisha akaingiza kibano kwenye kitundu kilichokuwa chini ya kifuniko, akatoa kipande cha kijiti cha kiberiti kilichovunjwa. Alikiweka juu ya gazeti.

"Ni nini?"

"Hapa kuna swichi. Ukifungua kifuniko, taa inazima yenyewe. Sasa mtu ameifinya na kijiti, taa iwake ikiwa wazi. Alitoa gilasi, akawasha, akaangalia kama kweli stima iko. Ndiyo akarudisha gilasi ikiwa imevunjwa." Kaindi alitikisa kichwa. "Na hiyo ndiyo inanionyesha si Masila. Hakuna fundi wa samaki anaweza kuwasha hii taa wazi mbele yake."

"Kwa nini?"

"Itamchoma macho. Hii si taa ya nyumba. Saa hiyo husikii kitu, ni kabuluu tu, karembo, unakaangalia. Baada ya masaa sita, kumi, ni kama mtu amekumwagia mchanga wa moto ndani ya macho. Mwanga hutaki. Unalia siku mbili, unalia kama mtoto, na hakuna mtu amekuchapa. Ni kama welder asiye na miwani."

Kalamu ya Rael ilisimama. Alimtazama Ndeti, na Ndeti akamtazama yeye.

"Alishuka kwa gari akilia," alisema Rael. "Na alikuwa ameambiwa mgonjwa tu."

"Alikuwa na mafundi wa kuchomelea kutwa nzima," alisema Ndeti. "Wakili wake atasema hivyo kabla hujamaliza kufungua mdomo." Aliinuka, akakunja gazeti pamoja na kile kijiti. "Twende Kinoo."

*

Jengo la Gerishon lilikuwa kando ya Waiyaki Way, ghorofa nne za mawe yasiyopigwa plasta. Madirisha yalikuwa wazi. Vyuma vya grili vilikuwa vimeegemezwa ukutani na mvua ya wiki nzima ilikuwa imevitia kutu. Fundi wa kuchomelea aliitwa Mungai, kijana mwembamba mwenye alama za moto mikononi, na alipoona gari la polisi aliweka sigara chini na kusimama wima.

"Sasa, Mungai. Jumanne mlichomelea grili ngapi?"

"Jumanne? Hakuna, afande. Transfoma ililipuka Jumatatu jioni na mvua. Stima ilirudi jana saa tisa."

"Una uhakika?"

"Uliza pale kwa posho mill. Kinoo yote ilikuwa giza."

Rael alienda kuuliza. Mwenye kinu alimwonyesha magunia ya mahindi yaliyokuwa yakingoja kusagwa tangu Jumatatu na akamtolea matusi ambayo hayakumhusu yeye. Aliporudi, alitikisa kichwa kukubali.

"Mdosi wako alikuwa hapa?" Ndeti alikuwa akiuliza.

"Alikuja saa mbili asubuhi, akapata hatufanyi kazi, akatutusi, akaenda. Saa tano hivi hakuwa hapa, kwa sababu lori ya mchanga ilikuja na hakukuwa na mtu wa kusaini. Alirudi jioni, akasema analala kwa stoo." Mungai alitazama mlango wa stoo. "Usiku alikuwa analia."

"Usiku wa Jumanne?"

"Kama saa tano, saa sita. Mimi na soja tulisikia. Analia, anapiga ukuta. Tulidhani ni pombe."

Ndeti alihesabu saa kimyakimya. Saa sita za usiku, Waithera alikuwa amelala kitandani kwake Lavington, mzima, na saa yake ya kuamka imetegwa.

"Asubuhi nilimwona macho," aliendelea Mungai. "Mimi hiyo najua, imenipata mara mbili. Nikamwambia, mzee, hiyo ni moto ya welding, weka viazi mbichi itapoa. Nikamuuliza ameangalia moto wapi na stima hakuna."

"Akasemaje?"

"Akanipiga kofi."

*

Kliniki ya macho ilikuwa kwenye ghorofa ya tano ya jengo moja la Upper Hill. Dkt. Syokimau aliwapokea kwenye korido, mlango wa chumba cha uchunguzi umerudishwa nyuma yake. Mgonjwa alikuwa ndani pamoja na mama mkwe wake.

"Si kulia," alisema daktari. "Kilio hakichomi ngozi ya jicho. Huyu amepigwa na mwanga mkali, karibu sana na kwa muda mrefu. Nilimuuliza kama anachomelea vyuma, akasema alipita karibu na mafundi."

"Atapofuka?"

"La, hasha. Nimemtia matone. Kufikia Jumamosi ataona kama wewe."

"Umemwambia?"

"Nilikuwa naingia kumwambia."

"Usimwambie kwanza."

Daktari alimkazia macho. "Sitasema uongo kwa mgonjwa wangu."

"Sikuombi useme uongo, daktari. Nakuomba unyamaze dakika tano."

Hakukubali wala hakukataa. Walipoingia, alisimama dirishani na kuwapa mgongo.

Chumba kilikuwa na giza. Gerishon aliketi kwenye kiti kirefu, pamba kwenye macho yote mawili, na Wangeci alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yake miwili. Ndeti alijitambulisha, akavuta stuli karibu kabisa, hadi magoti yao yakagusana.

"Mzee, nimetoka kuongea na daktari. Habari si nzuri."

Gerishon aligeuza uso upande wa sauti. "Habari gani?"

"Kuna taa aina mbili zinachoma macho. Ya welding inapona yenyewe. Ya pili ni ile ya kusafisha maji ya samaki. Hiyo inaendelea kula jicho kutoka ndani. Siku tatu zikiisha, unakuwa kipofu, na leo ni ya tatu. Dawa yake iko, lakini ni kali, na inapimwa kwa dakika. Ikizidi inakuua jicho, ikipungua haifanyi kitu."

"Dakika za nini?"

"Dakika ulizoiangalia. Kama ni ya welding, sema, tuende nyumbani. Kama ni ile nyingine, daktari anataka namba."

Chini, barabarani, gari la wagonjwa lilipita likipiga king'ora kuelekea hospitali kuu, sauti ikafifia. Wangeci alikuwa akimwangalia Ndeti bila kuelewa.

"Daktari?" Gerishon aliita. "Daktari, ni ukweli?"

Dkt. Syokimau hakugeuka.

"Daktari!"

"Kila saa ikipita," Ndeti alisema taratibu, "namba hiyo haitakuwa na maana tena. Mimi sina haraka. Macho si yangu."

Jasho lilikuwa limemtoka Gerishon juu ya mdomo. Mkono wake wa kulia ulipanda hadi kwenye pamba, ukashuka.

"Ishirini," alisema hatimaye.

"Ishirini nini?"

"Dakika. Kama ishirini. Ilikataa kuwaka mara ya kwanza, nikawa nainamia kuona." Alinyoosha mkono wa kulia kuelekea sauti ya Ndeti. "Mpeni daktari hiyo namba. Ishirini. Labda ishirini na tano. Hakuna mtu aliniambia hiyo taa ni mbaya, haikuandikwa mahali. Inspekta, mwambie aweke dawa!"

Rael aliandika saa: kumi na moja na dakika nane jioni. Ndeti aliinuka na kumfunga pingu mkono wa kulia kwanza. Ule wa kushoto ulikuwa tayari huru. Hakuna aliyeona ni wakati gani Wangeci aliuachilia.

"Dawa!" Gerishon alipiga kelele. "Nimesema, sasa dawa!"

Daktari aligeuka. Alizitoa zile pamba moja baada ya nyingine, bila ukali, kama kazi yake ilivyomtaka.

"Dawa nilikutia ulipofika," alisema. "Jumamosi utaamka ukiwa mzima. Ungeamka mzima hata kama usingesema neno."

Gerishon alitazama huku na huku kwa macho mekundu yasiyoona vizuri, akiutafuta uso wa Ndeti, na alipodhani ameupata akautemea mate. Yalitua kwenye ukuta.

Askari wawili walimshusha chini. Ndeti alitoka hadi koridoni akapiga simu kituoni kuagiza Masila aachiliwe. Sajini Mbithi ndiye aliyepokea. Masila hakuwa kwenye seli, alisema. Alipelekwa hospitali mchana. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa damu, na walimuuliza jina lake mara tatu kwa upande huo, hakusikia.

"Ulisema unataka statement kabla ya jioni, afande," aliongeza Mbithi.

"Nilisema," alijibu Ndeti, akakata simu.

Aliporudi, Wangeci alikuwa bado ameketi palepale. Rael alikuwa amechuchumaa mbele yake akimpa maji, ambayo hakuyanywa.

"Mama, tutakupeleka nyumbani," alisema Ndeti.

"Jumapili Waithera alikuja kwangu Muguga," alisema Wangeci. "Alikuwa na mfuko wa nguo. Akafungua kola, akanionyesha shingo, mahali huyu alikuwa amemshika. Akasema amemwambia anaondoka, na huyu amemwambia atatoka kwa hiyo nyumba akiwa amebebwa." Alisema yote hayo kwa sauti moja, akiangalia kile kiti kitupu. "Unaandika?"

"Mama, hiyo tunaweza kuandika kesho."

"Andika sasa."

Rael alimwangalia Ndeti. Ndeti alikubali kwa kichwa. Rael alifungua ukurasa mpya, akaandika jina, umri, mahali anapoishi, na Wangeci akaendelea neno kwa neno, akingoja kalamu imfikie. Kwamba alimpikia chai. Kwamba alimwambia ndoa ni kuvumilia, na kwamba yeye mwenyewe alivumilia miaka thelathini. Kwamba saa kumi alimbebea ule mfuko mpaka stejini na kusimama hapo mpaka gari likaondoka, ahakikishe hateremki.

"Hii haimo kwenye sheria, mama," alisema Ndeti. "Hakuna mtu atakushtaki."

"Sijakuuliza." Alimgeukia Rael. "Nisomee."

Rael alisoma. Wangeci alisikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa, midomo ikifuatisha.

"Hapo umeandika nilimwomba arudi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sikumwomba. Nilimfukuza. Rekebisha."

Rael alilikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika lingine juu yake, na kumpa kalamu atie sahihi.